Fungate kisiwani: tazameni upepo na ramani kabla ya picha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wachumba wanaotafuta kisiwa cha kupumzikia baada ya harusi. Karibu kila tangazo la hoteli za visiwani hutumia neno "tulivu", na picha ni ileile: kitanda chenye shuka jeupe, mnazi ulioinama, maji ya rangi ya feruzi. Watu hulipa kwa kutazama picha hiyo. Wakifika wanakuta chumba chao kimepakana na jenereta, au maji yamekupwa hadi kwenye mwamba saa ileile waliyotaka kuogelea, au upepo unawapiga mchanga usoni tangu siku ya kwanza hadi ya kuondoka. Picha haikuwa ya uongo. Ilipigwa palepale, ila mwezi mwingine, upande mwingine wa kisiwa, maji yakiwa yamejaa.

Ninachokisisitiza ni utaratibu wa kuchagua. Tarehe ya harusi ikishajulikana, tafuteni bahari inayotulia mwezi huo, halafu kisiwa, halafu upande wa kisiwa, halafu chumba. Jina la hoteli lije mwisho. Wengi huanza na jina la hoteli, ndiyo maana wanaangukia mwezi mbaya wa mahali pazuri.

Tuanze na upepo, maana Kiswahili kina maneno yake tayari. Magharibi mwa Bahari ya Hindi kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huvuma Mei hadi Septemba au Oktoba, na katikati yake kuna tangambili, majuma ambayo upepo hauna msimamo na bahari hulala. Kila kisiwa kina upande wa joshini unaopokea upepo na upande wa demani uliokingwa, na msimu ukigeuka pande hizo hubadilishana. Chukueni Shelisheli. Wakati wa kusi, ufuo wa Grand Anse kisiwani Praslin hupokea mawimbi na marundo ya mwani, na Grand Anse nyingine, ya kisiwa jirani cha La Digue, huwa na mkondo mkali unaoweza kumvuta hata mwogeleaji hodari. Miezi hiyohiyo Anse Lazio, iliyo kaskazini-magharibi mwa Praslin, huwa shwari. Ikifika Januari, upepo ukitoka kaskazini-magharibi, ni zamu ya Anse Lazio kuchafuka. Kwa hiyo anayewaambia kwamba ufuo fulani ndio bora Shelisheli bila kuwauliza mnakwenda mwezi gani, hajawasaidia. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe atafute Aprili, au Oktoba mwishoni kuingia Novemba. Ndiyo miezi ambayo maji ya visiwa hivyo hutulia pande zote na kuonekana hadi chini.

Morisi ni tofauti kidogo. Huko upepo wa kusini-mashariki hutawala sehemu kubwa ya mwaka na hukaza Juni hadi Septemba, hivyo pwani ya mashariki huwa na baridi na mawimbi madogo yasiyokoma wakati upande wa magharibi una jua na maji laini. Thailand nayo ina bahari mbili zenye ratiba mbili: Phuket, upande wa Andaman, hupata mvua nyingi Mei hadi Oktoba, na Koh Samui, upande wa pili, hupata mvua zake kubwa Oktoba hadi Desemba. Wanaofunga ndoa Agosti wakauziwa Phuket kwa punguzo kubwa wajue punguzo hilo limetoka wapi.

Demani nayo ina gharama yake, na wauzaji hawaisemi. Upande uliokingwa upepo huwa na joto zito usiku, mbu wengi zaidi, na karibu na mikoko kuna usubi, vidudu vidogo kuliko kichwa cha sindano vinavyouma jua linapochwa. Upande wa joshini hupoa na wadudu hupeperushwa, ila bahari haitulii. Wanaotaka kukaa barazani na kusikiliza mawimbi wanaweza kuipenda joshini kuliko demani. Wanaotaka kuogelea kila asubuhi waende demani na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, waipake hata mchana, kwa sababu mbu anayeeneza homa ya dengi huuma mchana.

Vimbunga navyo vina mipaka. Karibu na ikweta, ndani ya takriban nyuzi 5 kaskazini au kusini, havitokei kwa urahisi, kwa sababu nguvu ya mzunguko wa dunia inayoisokota dhoruba ni hafifu mno hapo. Ndiyo maana visiwa vikuu vya Shelisheli na sehemu kubwa ya Maldivi hukosa vimbunga, ilhali Morisi iko njiani mwake Novemba hadi Aprili, sawa na Fiji. Katika Atlantiki msimu rasmi ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na Septemba ndiyo kilele. Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini ya njia ya kawaida ya vimbunga hivyo, kwa hiyo wenye harusi ya Agosti au Septemba wanaoitaka Bahari ya Karibi waangalie huko kwanza. Bahari ya Karibi ina tatizo jingine lililoanza mwaka 2011: mwani wa kahawia uitwao sagasamu, unaoelea kwa wingi na kusukumwa hadi fukwe zinazotazama mashariki, zaidi miezi ya masika na kiangazi ya kaskazini. Ukilundikana na kuoza hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, na harufu hiyo huingia vyumbani. Ombeni hoteli iwatumie picha ya ufuo iliyopigwa juma hilo, wala si ya kwenye tovuti.

Jambo linaloharibu fungate nyingi zaidi kuliko mvua ni kupwa na kujaa, na nitalikalia kidogo. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe kushuka hadi Paje na Jambiani, mwamba wa matumbawe uko mbali na ufuo, na kati yake maji ni ya kina kifupi. Maji yakitoka, mtu hutembea mamia ya mita juu ya mchanga na majani ya baharini bila kupata maji ya kumfika kiunoni. Nungwi na Kendwa, kaskazini, sakafu ya bahari inateremka upesi, hivyo watu huogelea karibu saa zote. Ufuo wa mashariki ni mzuri kwa namna yake. Maji yakikupwa kuna nafasi kubwa, ukimya na mwanga ambao kaskazini hakuna. Lakini anayekwenda kule aende akijua saa zake.

Na saa hizo zinajulikana mapema. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kukupwa huko Unguja hufikia karibu mita 4. Siku za maji mafu, juma moja baadaye, hupungua hadi takriban mita 1. Wakati wa bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo yanapofika maji mafu, kujaa huangukia karibu saa nne asubuhi, na hata yakitoka hayaendi mbali. Wanaotaka kuogelea baada ya kifungua kinywa wahesabu siku ya sita au ya saba tangu mwezi mpevu au mwezi mwandamo, wapange kufika hapo. Kalenda ya mwezi inatosha kwa kazi hiyo. Maji yakiwa machache vaeni viatu vya mpira, maana kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu inayokatikia ndani ya unyayo.

Sehemu nyingine za dunia hazina shida hiyo. Maldivi maji hupanda na kushuka kwa mita 1 au pungufu. Tahiti na visiwa vya jirani ni ajabu zaidi: tofauti ni kama sentimita 30 tu, na maji hujaa karibu adhuhuri na usiku wa manane siku zote, kwa sababu huko jua ndilo linaloyaongoza kuliko mwezi.

Sasa ndani ya hoteli yenyewe. Kisiwa kidogo cha matumbawe chenye hoteli moja, kama vile vingi vya Maldivi, hujitengenezea umeme na maji usiku na mchana. Jenereta hazizimwi. Mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji hauzimwi. Fungueni picha ya setelaiti ya kisiwa kwenye intaneti, mkivute karibu, mtafute mapaa marefu ya bati yasiyo na makuti wala bwawa mbele yake, na matangi meupe ya mviringo kando yake. Hapo ndipo mitambo ilipo, kwa kawaida katikati ya kisiwa au kwenye ncha moja. Sauti yake ni mngurumo mzito wa chini unaopenya ukuta. Mchana huusikii, ila saa nane za usiku, kiyoyozi kikipumzika, unaujua. Chagueni chumba kilicho mbali na hapo, na ikiwezekana upande unakotoka upepo, ili mngurumo na moshi vipelekwe kwingine.

Halafu tafuteni gati. Boti za vyakula na wafanyakazi huanza kuwasili alfajiri, na penye kituo cha wazamiaji kuna mashine ya kujaza hewa kwenye mitungi inayopiga kelele kama pikipiki isiyoondoka. Tafuteni baa na jukwaa la muziki, na muulize muziki huzimwa saa ngapi na siku zipi. Tafuteni njia ya vigari vya umeme, kwa sababu chumba kilicho kwenye kona ya njia hiyo hupitiwa na kila anayekwenda kula. Hoteli nzuri itawatumia ramani yenye namba za vyumba ikiombwa. Isiyotaka kutuma, tafuteni nyingine.

Mkishaiona ramani, ombeni namba ya chumba, mtaje na namba mbili za akiba. Aina ya chumba pekee haitoshi, kwani vyumba 30 vya aina moja na bei moja vinaweza kuwa na usiku 30 tofauti. Jibu la "tutajitahidi" halina nguvu yoyote siku ya kufika. Ombeni namba iandikwe kwenye uthibitisho wa malipo. Katika baruapepe hiyohiyo ulizeni mambo mawili ambayo watu huyaonea aibu bure. Je, chumba kina mlango wa kukiunganisha na chumba jirani? Mlango huo hupitisha kila neno, huku na kule. Na kitanda ni kimoja kikubwa, au ni viwili vilivyosogezwa pamoja chini ya shuka moja? Vya namna hiyo huachana katikati usiku, na maharusi hulala kila mtu ukingoni mwa ufa.

Nyumba za juu ya maji zimekuwa ndoto ya kila mtu, na zina uzuri wake, lakini si mahali pa kimya kuliko pote. Maji hugonga nguzo usiku kucha, upepo ukikaza mbao hulia, na sauti ya mazungumzo husafiri juu ya maji kuliko juu ya mchanga wenye miti. Daraja la mbao hutoa mlio kila kigari kinapopita. Kama mgahawa au nyumba ya masaji iko mwishoni mwa daraja, nyumba zote zilizo njiani hupitiwa. Kama mwisho wake ni bahari tupu, zile mbili au tatu za mwisho ndizo tulivu. Zinazotazama machweo hupendwa na kuuzwa ghali, ila jua la alasiri huzipiga moja kwa moja na mbao za baraza huunguza nyayo hadi magharibi. Zinazotazama macheo huwa na kivuli kuanzia mchana, na kwa wapenzi wanaopenda kukaa nje alasiri ninaziona bora. Ulizeni pia kina cha maji chini ya ngazi wakati wa kupwa, na kama mkondo hupita hapo. Wasiojua kuogelea wachukue nyumba ya ufukweni yenye miti pembeni. Ina faragha zaidi na mara nyingi bei ni nafuu.

Safari ya kutoka uwanja wa ndege hadi kisiwani ndipo fedha na muda hupotea bila watu kutarajia. Ndege za Maldivi zinazotua majini huruka mchana tu, kwa sababu rubani anahitaji kuona maji anayotua. Ndege kubwa ikiwasili baada ya kama saa tisa na nusu alasiri, kuna hatari ya kulala usiku mmoja mjini huku usiku wa kisiwani umeshalipiwa. Mizigo nayo ina kikomo, kwa kawaida kilo 20 za kupakia na 5 za mkononi kwa kila mtu, na ratiba kamili hupangwa siku moja kabla. Kisiwa kinachofikika kwa boti ya kasi, au kwa ndege ya ndani kisha boti, hupokea wageni hata usiku. Ila Mei hadi Oktoba boti hurukaruka sana, na mwenye kichefuchefu ameze dawa nusu saa kabla ya kupanda, asingoje. Sipendekezi visiwa viwili kwa safari isiyofika siku nane. Kila kuhama hula nusu siku, na watu waliotoka kwenye shughuli ya harusi wamechoka kuliko wanavyojijua. Acheni pia siku moja nzima kati ya harusi na ndege.

"Watu wazima pekee" ni maneno ya kuulizia mara mbili. Hoteli moja humaanisha miaka 18, nyingine 16, na baadhi ya hoteli hizo zina muziki wa bwawani tangu saa tano asubuhi. Kinachopunguza kelele zaidi ni idadi ya vyumba: vyumba 40 ni wageni 80 wakijaa wote, na kisiwa cha dakika ishirini kukizunguka kwa miguu hubeba idadi hiyo bila msongamano. Maneno "ufuo wa faragha" nayo yapimwe kwa sheria ya nchi. Shelisheli na Barbados fukwe ni za umma, mtu yeyote ana haki ya kupita mbele ya baraza lenu. Kama faragha ndiyo shabaha, tafuteni kisiwa chenye hoteli moja.

Msimu wa bei ya chini ndio msimu wa mafundi. Kabla ya kulipa, ulizeni kwa maandishi kama kuna ujenzi, ukarabati au uchimbaji wa mchanga kisiwani au kisiwa cha jirani katika tarehe zenu, na mtarejeshewa nini ukiwepo. Alama mbili za kujumlisha kando ya bei maana yake kodi na ada ya huduma bado hazijaingizwa. Ombeni jumla ya mwisho, pamoja na usafiri wa boti au ndege. Kwenye kisiwa chenye hoteli moja hakuna duka wala mgahawa mwingine, hivyo malazi yenye kifungua kinywa tu huishia kuwa ghali kuliko yenye milo yote. Zawadi za maharusi, kama punguzo au chakula cha jioni ufukweni, hudai cheti cha ndoa na idadi fulani ya usiku. Zitajwe wakati wa kuweka nafasi. Mkizidai mapokezini mmechelewa. Bima ya safari inunuliwe mapema, kwa kuwa dhoruba ikishapewa jina hailipiwi tena kwa bima iliyonunuliwa baadaye.

Hati zimewarudisha watu uwanjani, kwa hiyo nazitaja kwa ufupi. Jina kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Bibi harusi asiweke jina la mume kwenye tiketi kabla pasipoti haijabadilishwa. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Wanaotoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano wachanjwe mapema, maana cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano, na afisa wa afya huhesabu siku hizo. Wanaotarajia kupata mtoto karibuni wamuulize daktari kuhusu virusi vya Zika na dawa za malaria kwa kisiwa walichokichagua. Wanaopenda kuzamia na mitungi waache saa 18 hadi 24 kati ya mzamio wa mwisho na ndege, ikiwemo ile ndogo ya kutua majini.

Nina ombi kwako pia, Mhariri. Kurasa za safari za magazeti huchapa picha za fukwe kila wiki zikiwa na jina la hoteli chini yake na si zaidi. Kila picha ya ufuo ichapwe na mwezi iliyopigwa, upande wa kisiwa unaotazamwa, na kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Ni mstari mmoja tu, na mpiga picha anayajua yote matatu.

Wako,
Mpangaji wa safari za fungate